Bendi Isiyo na Mwenyewe

Salamu kwa walioko Rujewa mjini, Ubaruku, Igawa, Chimala, Igurusi, mpaka kwa ndugu zetu wa Madibira. Najua wengine ndiyo kwanza mnatoka mashambani, na wengine mko kwenye mashine ya kukoboa mpunga mnasubiri zamu, redio imening'inizwa mlangoni. Karibuni katika mazungumzo yetu ya muziki.

Leo nimekuja na albamu ya mwaka 1976. Ni albamu ya gitaa, imepigwa na bendi ya Dar es Salaam, ikarekodiwa Zambia, na sidhani kama katika kila wasikilizaji mia wa kipindi hiki wapo watano waliowahi kuisikia. Bendi inaitwa Sunburst. Albamu inaitwa Ave Africa.

Najua yupo mzee wangu mmoja kwenye baraza yake anasubiri nimtaje Mbaraka Mwinshehe. Shikamoo, mzee wangu. Mbaraka tutamfikia, tena tutamhitaji sana katika hoja yangu. Lakini kwanza nataka nikushawishi jambo moja: Sunburst hawakusahauliwa kwa sababu walikuwa wabaya. Walisahauliwa kwa sababu hawakuwa na mwenyewe. Nchi yetu imezoea kukumbuka bendi kupitia wenye bendi, na anayepiga gitaa bila kuwa wa mtu hana wa kumtunzia jina lake.

Ngoja nieleze.

Hebu tuirudie Dar es Salaam ya mwaka 1970. Muziki wa dansi umeshakomaa. Kuna bendi zilizoanzishwa kama klabu, zenye wanachama, kadi na kamati: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na mtindo wao wa Saboso, Kilwa Jazz. Halafu kuna bendi za taasisi. Chama cha wafanyakazi kina NUTA Jazz. Polisi wana bendi yao. Jeshi nalo lina yake. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kina Urafiki Jazz. Mwaka 1971 vijana wa TANU nao wakapata ya kwao, Vijana Jazz. Mpiga gitaa katika bendi za namna hiyo alikuwa mwajiriwa. Magitaa yalikuwa ya shirika, spika za shirika, gari la shirika, na mwisho wa mwezi mshahara upo.

Sisi wa huku tunaujua utaratibu huo vizuri. Iringa kilipokuwepo kile kiwanda cha kukata almasi, Tancut, kulikuwa na Tancut Almasi Orchestra. Waliokuwa vijana miaka ya 1980 wanawakumbuka wale mapacha kutoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, wanaukumbuka wimbo "Nimemkaribisha Nyoka", na wanamkumbuka John Kitime akiwa humo na gitaa lake. Bendi ile ilikuwa na kiwanda nyuma yake. Kiwanda kilipoyumba, bendi nayo ikayumba, lakini jina lilikwisha kukaa midomoni mwa watu.

Siubezi utaratibu huo. Umetupa muziki mzuri kupita kiasi. Nasema tu kwamba ulikuwa na mlango, na mlangoni palikuwa na mtu. Kijana aliyependa gitaa la aina nyingine, gitaa la roki, gitaa la soul, la kina Jimi Hendrix na James Brown, alikuta mlango umefungwa.

Na haukufungwa kwa bahati mbaya. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 ikaanza kazi: sketi fupi marufuku, mawigi marufuku, suruali za kubana marufuku. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, akapiga marufuku muziki wa soul. Dar es Salaam wakati ule ilikuwa ndani ya Mkoa wa Pwani, kwa hiyo marufuku ile iliwagusa vijana wa mjini moja kwa moja. Hoja ilikuwa kwamba soul inaharibu vijana na si ya utamaduni wetu. Tusiwacheke sana viongozi wale; nchi ilikuwa changa, Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili tu, na kila mtu alikuwa anatafuta Utanzania wake aushike. Lakini upande wa kijana mwenye gitaa, ilikuwa ni kuambiwa kwamba muziki alio nao kichwani si wake.

Sasa sikiliza. Ni mwaka mmoja tu baada ya marufuku hiyo, katika mji uleule, ndipo Sunburst walipozaliwa.

Mwimbaji alikuwa James Mpungo. Gitaa alishika Mkongo, Hembi Flory Kongo. Besi ikawa ya Bashir Idi Farhan, kinanda cha Kassim Magati, na kwenye drams alikaa mtu waliyemwita Johnny Rocks. Haikuwa bendi ya jeshi, wala ya kiwanda, wala ya jumuiya ya chama. Walichukua soul, funk na roki, wakachanganya na midundo ya ngoma za Kiafrika, wakaimba Kiswahili na Kiingereza. Na hawakuwa peke yao. Vijana wa mijini waliopiga kwa mtindo huo walikuwepo Dar, walikuwepo Tanga, na upande wa pili wa mpaka, Mombasa, alikuwepo Slim Ali na Hodi Boys wake, Mswahili wa pwani anayeimba soul kwa sauti ya kukutoa machozi. Kizazi kizima kilikuwepo. Kila mara neno roki likitajwa hapa kwetu tunakimbilia kumtaja Freddie Mercury, kwa sababu alizaliwa Unguja mwaka 1946. Sawa, azaliwe. Lakini Freddie aliondoka Unguja na familia yake, akafanyia roki yake Uingereza. Hawa ninaowasema walibaki hapa na kufanyia hapa.

Sasa tufike kwenye safari ya Zambia. Hapo hadithi inatugusa sisi wa huku Usangu.

Tanzania ya miaka ile haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi ikitaka sahani, ilikwenda Nairobi. Radio Tanzania ilirekodi, ndiyo, na ilirekodi sana, lakini nyimbo zile zilibaki kwenye kanda za redio. Hukuweza kuingia dukani ukanunua. Kwa bendi ya shirika hilo halikuwa tatizo kubwa. Mshahara ulikuwepo, na redio ikiupiga wimbo kila siku ukumbi unajaa. Kwa bendi inayojitegemea, santuri ndiyo mtaji.

Zambia mambo yalikuwa tofauti. Fedha ya shaba ilikuwa imemwagika katika miji ya migodini, Kitwe, Ndola, Chingola. Vijana walikuwa na ajira, wananunua magitaa ya umeme, wananunua santuri. Na Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alikuwa anapiga gitaa, aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redio uwe wa nyumbani. Hapa naomba tutulie kidogo. Dar es Salaam na Lusaka zilikuwa na marais marafiki, wote wanahubiri ujenzi wa taifa, wote wanataka muziki wa nyumbani. Kwetu, katika Mkoa wa Pwani, kiongozi aliamua ni muziki wa aina gani usio wa nyumbani, akaupiga marufuku. Kwao ilitosha kwamba aliyepiga ni Mzambia, hata kama gitaa lake linanguruma namna gani. Matokeo yake Zambia ikapata kizazi cha bendi za roki ambacho leo dunia inakiita Zamrock: WITCH na mwimbaji wao Emmanuel Jagari Chanda, Amanaz, Musi-O-Tunya, Rikki Ililonga, Paul Ngozi.

Huko ndiko Sunburst walikoirekodi Ave Africa.

Na njia ya kwenda huko mnaijua. Anayetoka Dar kwenda Zambia kwa nchi kavu hana njia nyingine ya maana zaidi ya hii inayokata Usangu, kupitia Makambako, Igawa, Chimala, Mbeya, mpaka Tunduma. Tangu Ian Smith alipojitangazia uhuru wake wa kizungu kule Rhodesia mwaka 1965, Zambia ilikosa mlango wa kusini, na mlango wake mpya ukawa hapa kwetu. Mwaka 1968 lilikamilika bomba la mafuta la TAZAMA. Barabara ikatiwa lami. Kisha ikaja TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa rasmi Julai 1976, mwaka uleule wa albamu hii. Wazee wetu wanakumbuka Wachina, mahandaki na madaraja. Tunasimulia mafuta yaliyokwenda na shaba iliyorudi. Muziki uliopita kwenye njia hiyohiyo hatuusimulii.

Haya, tuingie ndani ya albamu yenyewe. Nitaanza na gitaa, kwa sababu ndilo lililonileta hapa.

Mzee wangu wa barazani, sasa nakuja kwa Mbaraka. Sikiliza jinsi magitaa yanavyofanya kazi katika dansi letu. Kuna solo, kuna solo la pili, kuna rithim, kuna besi. Wa rithim anashika mwendo na hatoki. Wa solo anatembea juu yake. Wimbo unaanza polepole, mwimbaji anatoa kisa chake, na kisa kikiisha unaingia kwenye chemko, magitaa yanaanza kujibizana, mmoja anauliza na mwingine anajibu. Sauti ya gitaa ni safi, kila uzi unausikia. Mbaraka wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, Rashid Hanzuruni wa Western Jazz, hawa walilalamisha gitaa mpaka likawa kama mtu anaongea. Uzuri wake ni usafi na majibizano. Ni ustadi wa watu kuachiana nafasi.

Sunburst hawafanyi hivyo. Gitaa la Hembi halisubiri chemko. Linaingia mwanzoni kabisa na sentensi fupi, noti chache tu, linazirudia na kuzirudia mpaka zinakuwa msingi ambao kinanda na besi vinajenga juu yake. Na sauti yake imechafuliwa makusudi. Wapiga roki wana kifaa cha kukanyaga kwa mguu. Umeme wa gitaa unasukumwa mpaka unazidi kipimo, na ile sauti laini inakuwa ya kukwaruza, inavuma kama nyuki ndani ya mzinga. Sikio lililozoea dansi linaweza kudhani spika imepasuka. Haijapasuka. Ndivyo inavyotakiwa.

Na hapa ndipo nataka kubishana na wale waliosema, na wanaosema mpaka leo, kwamba gitaa la namna hiyo ni la Wazungu. Nendeni Dodoma, kwa Wagogo. Itazameni ilimba, ile marimba ya vidole iliyopelekwa ulimwenguni na marehemu Hukwe Zawose. Kwenye ubao wake kuna matundu, na juu ya matundu hayo fundi amebandika utando wa buibui. Kwa nini? Ili kila noti ikipigwa ivume na kukwaruza. Fundi wa Kigogo angeweza kuacha ubao mtupu akapata sauti safi. Hakutaka. Sauti safi kwake ilikuwa haijakamilika. Kwa hiyo mtu aliyekanyaga kile kifaa chake mwaka 1976 hakuwa ameleta mgeni. Usiniambie nyama ya ng'ombe wa jirani ni haramu wakati wewe mwenyewe unafuga.

Tena, kama kukopa ni kosa, tutabaki na nini? Dansi lenyewe lilipata mwendo wake kutoka santuri za Cuba. Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba, jina lenyewe linakwambia, na hakuna aliyemwambia ameacha utamaduni. Taarabu ilichota Misri. Rumba tumeipokea kutoka Kongo kwa mikono miwili. Tatizo halikuwa kukopa. Tatizo lilikuwa umekopa kwa nani, na umevaa suruali gani ulipokuwa unarudisha.

Turudi kwenye nyimbo za Sunburst. Upo wimbo "Simba Anguruma". Huo ndio ningempa mtu asiyewajua Sunburst auanze. Uko kwa Kiswahili, una mdundo wa kuchezeka, na unaonyesha bendi hii ilikuwa na uwezo wa kumkamata mtu wa Manzese na mtu wa Kitwe kwa mkono mmoja. Fuata besi ya Bashir peke yake kwanza. Sahau mwimbaji. Utaona kwamba besi haikai chini ya wimbo kama ilivyozoeleka katika dansi, bali inauendesha, inakatiza, inaacha pengo, halafu inarudi pale ambapo mguu wako ulishaanza kuisubiri. Hiyo ndiyo funk. Uzito wake uko kwenye yale mapengo.

Kuna "Black Is Beautiful", kwa Kiingereza. Kauli hiyo ilikuwa imeenea kwa watu weusi wa Marekani miaka ya 1960, na ukiisikia Dar es Salaam unaielewa zaidi ukikumbuka Dar ile ilikuwa mji gani: makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, mji wa FRELIMO, wa ANC, mji waliofikia Wamarekani weusi wengi waliokuwa wanatafuta Afrika yao. Halafu upo "Let's Live Together", na upo "Enchanted Flower", na wimbo wenyewe uliobeba jina la albamu. Mpungo anaimba kama waimbaji wa soul wanavyoimba: hasimulii kisa kwa beti kama mwimbaji wa dansi anayekupa mkasa wa mke, mume na jirani. Anachukua wazo dogo na kulisukuma kwa sauti, analirudia, analipandisha, analishusha. Aliyezoea mashairi ya dansi, yale yenye mafumbo na mafunzo, atasema maneno ni machache. Ni kweli ni machache. Uzito umewekwa kwenye sauti.

Na kwa kuwa nataka mniamini, nitasema na upungufu wake. Albamu hii inarukaruka. Wimbo mmoja ni wa kulia, unaofuata ni wa kuruka, wa tatu ni ngoma ya kijijini iliyotiwa umeme. Aliyetaka kitu chenye mwendo mmoja, kama albamu ya Amanaz iliyotoka Zambia mwaka mmoja kabla, hapa hatakipata. Maneno ya Kiingereza mahali pengine ni ya kawaida mno. Lakini kuruka huko, mimi nakusamehe, na nina sababu. Bendi ya shirika ilirekodi redioni mara kwa mara. Wimbo ukikosea leo, kesho wapo wengine sita. Sunburst walipata albamu moja tu. Mtu aliyepewa nafasi moja ya kusema, atasema yote.

Na kweli ilikuwa moja. Baada ya Ave Africa bendi haikudumu. Wakati uleule bei ya shaba duniani ilikuwa imeporomoka, na neema iliyowavuta wanamuziki Zambia ikaanza kukauka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, hivyo hata njia ya Nairobi kwa wanaotaka santuri ikawa ngumu. Kwa bendi ya jeshi, mpaka ukifungwa, jeshi bado lipo. Bendi ya vijana watano wasio na mwenyewe haikuwa na pa kujificha. Wahenga walishasema, yatima hadeki.

Angalia basi kumbukumbu ilivyogawanywa. Morogoro Jazz walipelekwa Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, na picha zao zipo. Afro 70 ya Patrick Balisidya, ambayo nayo ilikuwa bendi ya vijana, ilibahatika kuiwakilisha nchi kwenye tamasha la FESTAC kule Lagos mwaka 1977, na jina lake likadumu. NUTA imebadilika majina, JUWATA, OTTU, Msondo, lakini imedumu kwa sababu kulikuwa na chama nyuma yake kwa miaka mingi. Kila jina tunalolikumbuka lina msumari uliolishikilia ukutani. Sunburst hawakuwa na msumari.

Na sisi watu wa redio tuna sehemu yetu. Kila Jumapili tunapiga vipindi vya zilipendwa. Tunapiga nini? Tunapiga kile kilichopigwa Jumapili iliyopita. Mtangazaji anarithi kanda kutoka kwa mtangazaji, na leo anarithi faili kutoka kwa kompyuta ya mwenzake, na nyimbo ni zilezile arobaini au hamsini. Kwa hiyo kijana wa Rujewa aliyezaliwa mwaka 2000 akifikiria muziki wa babu yake, anafikiria sauti moja tu. Anadhani babu yake hakuwahi kusikia gitaa linalokwaruza. Kumbe babu yake huyohuyo, kama alikuwa Dar miaka ile, pengine aliwahi kukimbizwa na vijana wa TANU kwa sababu ya suruali yake!

Walioinua Sunburst hawakuwa sisi. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya Uingereza ilikusanya albamu hiyo pamoja na kazi nyingine za bendi, za mwaka 1973 hadi 1976, ikazitoa upya. Wazungu, Wajapani na Wamarekani wanaopenda santuri za Afrika wakaanza kuulizana, hawa walikuwa wapi siku zote? Hali ilikuwa hivyohivyo kwa Zamrock: santuri za WITCH zilitolewa upya Marekani, Jagari Chanda, ambaye alikwisha kuacha jukwaa, akaitwa kupiga Ulaya akiwa mtu mzima, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango. Mtu anaweza kukasirika kwamba mali yetu inauzwa London. Mimi hasira yangu iko karibu zaidi. Inakuwaje muuza santuri wa London ajue jina la mpiga besi wa Dar es Salaam, na mtangazaji wa Nyanda za Juu Kusini asilijue?

Kuna msikilizaji atasema, sawa, lakini yatusaidie nini sisi wakulima wa mpunga? Swali zuri. Jibu langu ni hili. Katika wilaya hii kuna vijana wanaopiga magitaa. Wapo makanisani, wapo kwenye baa za kando ya barabara, wapo wengine wametengeneza magitaa yao wenyewe kwa mbao na nyaya za breki za baiskeli. Kila mmoja wao anaambiwa kuna njia mbili: pigia kwaya, au pigia mtindo unaotamba Dar mwaka huu. Nataka wajue kulikuwa na njia ya tatu, na waliopita humo walikuwa Waafrika Mashariki kama wao, tena walifanya kazi nzuri. Hawakutajirika. Hawakudumu. Lakini dakika zile chache walizoacha zinasimama mbele ya bendi yoyote ya kizazi chao, iwe ya Zambia, iwe ya Marekani. Kijana akijua hivyo atapiga kwa ujasiri zaidi, na sisi tutasikia kitu ambacho hatujakisikia.

Nawaomba mambo mawili, kisha nifunge.

La kwanza kwa wenye santuri na kanda za zamani. Najua zipo. Hii ni njia ya Zambia, na mizigo ya kila aina imeshushwa hapa tangu madereva wa kwanza wa magari ya mafuta. Kama una sahani yenye jina usilolijua, usiitupe na usimpe mtoto achezee. Ilete hapa studio tuisikilize pamoja, kisha uondoke nayo, ni mali yako. Pengine imo Zamrock humo, pengine imo bendi ya Mbeya au Iringa ambayo hakuna aliyewahi kuiandika popote.

La pili ni kwa watangazaji wenzangu, wa hapa na wa vituo vya jirani. Jumapili hii, katikati ya nyimbo zenu arobaini, chomekeni mmoja ambao hamkurithi. Mmoja tu. Simu zikipigwa za kulalamika, zipokeeni hewani, maana mjadala wa muziki ni kipindi kizuri kuliko salamu.

Mimi naanza sasa hivi. Fundi mitambo, tuwekee "Simba Anguruma", usiukate katikati, na habari zisogee dakika mbili kama itabidi. Mzee wangu wa barazani, ukimaliza kuusikiliza mpaka mwisho, nipigie unitukane ukipenda. Lakini nitakuuliza besi ilikuwa inafanya nini, na uwe na jibu.